Chupa za bia katika nyumba ya eneo la matetemeko: ziwekwe wapi, na zifungwe vipi?

Mpishi wa Casuarina, Malindi

Hamjambo ndugu zangu, na kwa wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa mawazo kuhusu jambo ambalo hapa kwetu pwani si la kila siku, ila kwangu limekuwa la kunikosesha usingizi.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Malindi, na Mungu akijalia, kabla ya mwaka kwisha nitahamia Italia na mwanangu wa miaka minne, tukaishi na mume wangu katika kijiji kilicho jirani na mji wa L'Aquila, kwenye milima ya Abruzzo. Mume wangu hutengeneza bia nyumbani. Si ya kuuza. Ni ya nyumba, ya ndugu na ya wageni, na kazi hiyo ameifanya kwa mapenzi tangu ujana wake, kwa hiyo simwombi aiache. Ninachotaka ni kujua chupa zile zihifadhiwe vipi katika nyumba ambayo ardhi yake hutikisika.

Nchi ile ina historia ambayo ukishaisoma huwezi kuipuuza. Tarehe 6 Aprili 2009, saa tisa na dakika 32 usiku, tetemeko lenye ukubwa wa 6.3 liliupiga mji wa L'Aquila wenyewe, na watu 309 wakafa. Tarehe 24 Agosti 2016, saa tisa na dakika 36 usiku, likaja jingine lililobomoa mji wa Amatrice, usio mbali na hapo, na tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo likafuata kubwa kuliko yote mawili, likaangusha kanisa la Mtakatifu Benedikto mjini Norcia, ambako watawa walikuwa wakitengeneza bia yao tangu 2012. Nimezitaja saa kwa makusudi, kwa sababu mawili ya kwanza yaliwakuta watu vitandani, gizani, miguu mitupu.

Sasa nieleze nilichokiona kwenye picha alizonitumia. Kuna ghala dogo lenye rafu ya mbao ya ngazi tano, ndefu kuliko mtu, imeegemezwa kwenye ukuta wa mawe bila kufungwa popote. Chupa ni 120, za nusu lita, na nyingi zimepangwa kwenye ngazi mbili za juu kabisa, maana chini ameweka viatu vya theluji na makoti. Kando yake, juu ya stuli, pana mtungi wa kioo wa lita 23 ambamo bia huchachukia kabla ya kutiwa chupani. Na mlango wa ghala hilo unafungukia kwenye ujia uleule tutakaoupita kutoka chumbani kwenda mlango wa nje. Nikimuuliza, hunijibu kwamba tangu aipange rafu hiyo hakuna kilichoanguka.

Kinachonitia hofu zaidi ni jambo nililolishuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, kreti za chupa tupu zilipangwa tano kwenda juu katika stoo yenye sakafu ya saruji, na siku moja mtu alizigusa kwa bega tu alipokuwa akipita na gunia la viazi, zikaporomoka. Tulifagia mara tatu. Hata hivyo, vipande vilikuwa vimepenya chini ya mlango hadi chumba cha pili, na baada ya wiki mbili nilikichomoa kimoja kwenye soli ya ndara yangu, chembamba kama mwiba wa samaki, kikiwa kimebakiza unene wa karatasi tu kufika mguuni. Kama bega la mtu mmoja lilifanya hayo, sijui ardhi yenyewe itafanya nini.

Naomba kwa hiyo anayejua anieleze chupa hizo zishushwe wapi, rafu ifungwe vipi kwenye ukuta wa mawe ya zamani, na kama bia yenyewe ina hatari yake mbali na kioo. Nataka nizungumze na mume wangu nikiwa na hoja, si na woga peke yake.

Seremala wa Maweni

Dada, hongera kwa safari inayokuja, na umefanya la maana kuuliza mapema, kwa sababu rafu unayoieleza mimi kama fundi nisingeiacha ilale hivyo hata usiku mmoja.

Anza na uzito. Chupa ya nusu lita ikiwa imejaa ina karibu gramu 850 au 900, kwa hiyo chupa 120 zinapita kilo 100. Rafu iliyobeba kilo 100 juu ni kama mtu aliyejitwika gunia kichwani, ambaye ukimsukuma kidogo anakwenda nalo chini. Rafu hiyohiyo ikiwa na mzigo huo kwenye ngazi ya chini ni kama mtu aliyeketi amepakata gunia. Badilisheni tu mahali: viatu na makoti viende juu, chupa zije ngazi ya chini kabisa, na zikizidi ziende ya pili, zisipande zaidi ya hapo. Kazi hiyo haihitaji msumari wala shilingi, na inaweza kufanyika leo kabla ya mengine yote.

Baada ya hapo ndipo ifungwe ukutani. Zitumike pembe mbili za chuma kwenye kichwa cha rafu, kushoto na kulia, na nyingine mbili katikati ya urefu wake. Kuhusu ukuta wa mawe ya zamani nina la kusema, kwa sababu nimefanya kazi katika nyumba za Lamu, ambako kuta ni za matumbawe na chokaa. Ukitoboa kwenye kiungo cha chokaa, plagi inakaa vizuri machoni, lakini ukiivuta kwa vidole viwili inatoka na vumbi lake. Tobo liingie katikati ya jiwe zima, gumu, na skrubu ipite ndani ya jiwe lenyewe si chini ya sentimita 6. Fundi agonge ukuta kwa nyundo ndogo kwanza na asikilize, maana jiwe zima hutoa sauti kavu na fupi, na mahali palipo na pengo au lipu iliyoachana na ukuta hulia kama debe. Ikiwa ukuta wote unalia hivyo, rafu isifungwe hapo kabisa, itafutiwe ukuta mwingine. Na nyumba nayo iangaliwe na mhandisi, kwa kuwa hapo tatizo limeshakuwa kubwa kuliko chupa.

Kuna kosa moja ambalo watu wengi hawalioni. Rafu ikiwa na miguu na mbao za kulala tu, bila kitu cha kuikaza mgongoni, inaweza kufungwa ukutani ikabaki inalegea upande kwa upande kama kitanda cha kamba kilichochoka. Ipigiliwe kipande kizima cha plaiwudi nyuma, au mbao mbili zilizokingamana kwa mshazari. Ukishaifunga, ishike kwa ubavu na uisukume kwa nguvu zako zote. Isipotikisika hata kidogo, ndipo uitegemee.

Mbele ya kila ngazi yenye chupa pawekwe upapi, yaani ubao mwembamba, wa kuzizuia. Chupa ya nusu lita ina urefu unaokaribia sentimita 26, na ikijaa uzito wake uko chini ya nusu ya kimo, kwa hiyo upapi ulio chini sana, wa sentimita 3 au 4, haufai, maana chupa itaupindukia kwa shingo. Uwe sentimita 12 juu ya ubao wa rafu. Nao uingizwe kwa skrubu, usigongewe misumari, kwa sababu msumari hutoka polepole kila unapovutwa, ilhali skrubu hushika.

Nahodha mstaafu, Lamu

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu akufikishe salama wewe na mtoto.

Kileo sikitumii na sikuwahi kukitia mdomoni, lakini chupa nimezibeba kwa chombo miaka mingi, za soda, za siki, za mafuta na za marashi, na kioo hakina tofauti katika kuvunjika. Sisi wazee tetemeko tulilijua kwa jina la zilizala. Mimi sijaishi katika nchi ya zilizala, ila nimeishi katika chombo, na chombo hakina siku ambayo hakitikisiki. Kwa hiyo nitakupa nilichokijua huko, na wenye ujuzi wa nchi kavu watapima kama kinafaa.

Vitu vya Lamu huja kwa maji, na vikishuka gatini hubebwa na punda au kwa mkokoteni hadi dukani. Katika safari yote hiyo chupa ivunjikayo haivunjwi na wimbi. Huvunjwa na jirani yake. Chupa mbili zilizoachiwa nafasi ya vidole viwili zitagongana safari nzima mpaka moja ipasuke, lakini mia zilizobanwa zisiachiane hata unywele zitafika kama zilivyoondoka, hata chombo kikienda mrama namna gani. Ndiyo sababu mzigo wa kioo tuliuweka chini katika ngama, yaani tumboni mwa chombo, karibu na farumi, ule uzito wa kukituliza chombo, wala hatukuuweka juu ya tezi kule nyuma. Kila pengo tulilijaza makumbi, magunia au jamvi kuukuu lililokunjwa, na juu yake hatukupanga kitu chochote kizito.

Nikimaliza kupakia nilikuwa na desturi moja. Nilishika kreti ya ukingoni kwa mikono miwili, nikaitikisa kwa nguvu huku nimeinamisha sikio. Nikisikia kioo kikigonga kioo, nilishusha tukaanza upya, hata kama maji yalikuwa yameanza kutoka na mabaharia wananung'unika. Mwambie mumeo afanye vivyo hivyo kwa kila kreti aliyonayo. Kreti ya kioo iliyopakiwa sawasawa huwa kimya.

Jambo la mwisho ni kwamba chupa ndefu tulizilaza, mdomo wa hii kwenye kitako cha ile, katikati ya majamvi, kwa sababu kilicholala hakina pa kuanguka. Pengine nanyi mnaweza kuzilaza.

Aliyewahi kuishi Osaka, sasa Malindi

Nimesoma majibu haya kwa makini, na nakubaliana na seremala na mzee wetu kwa sehemu kubwa, ila kuna jambo ambalo asiyelipitia tetemeko hawezi kulikisia. Nilikuwa kaskazini mwa Osaka asubuhi ya tarehe 18 Juni 2018, saa moja na dakika 58, tetemeko lilipopiga. Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilitarajia vitu viyumbe, kumbe kwanza viliruka. Kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa ni kipigo kutoka chini, kama lori limeigonga sakafu, na baada yake ndipo nyumba ikaanza kwenda upande kwa upande. Chumvi iliyokuwa katika kopo lisilo na kifuniko ilitawanyika pande zote juu ya meza, kopo lenyewe likiwa bado limesimama.

Kwa hiyo upapi wa sentimita 12 ni mzuri, na bila huo chupa hazina kinga yoyote, lakini usiutegemee peke yake, kwa sababu kinachoruka huupita upapi. Chupa zinahitaji kitu juu yake pia. Njia niliyoiona huko kwa wengi, nami nikaifuata, ni kutoziacha wazi kabisa: zinakaa katika kreti ya plastiki yenye vyumba, kila chupa na chumba chake, halafu kreti nzima inaingia katika kabati lenye mlango, chini kabisa, karibu na sakafu. Ikianguka kutoka kimo cha kiganja, huanguka ikiwa ndani ya kreti, na kreti ndani ya kabati.

Na mlango huo usiwe wa sumaku. Makabati yangu yote yalikuwa ya sumaku, na yote yalifunguka. Sahani zilitoka moja baada ya nyingine kama mtu anazitoa kwa mkono. Friji nayo ilifunguka mlango na kusogea kutoka ukutani kiasi cha mkono kupita, na chupa zote zilizokuwa mlangoni mwake zilikuwa sakafuni. Mwulize mumeo anaweka wapi bia za kunywa wiki hii, kwa maana naamini ziko mlangoni mwa friji. Zihamie chini ndani ya friji, na friji yenyewe ifungwe ukutani kwa mkanda.

Kuhusu kauli yake kwamba hakuna kilichoanguka, ana mfano wa karibu nchini mwake mwenyewe. Mnamo Mei 2012, tarehe 20 na tarehe 29, matetemeko mawili yaliupiga mkoa wa Emilia, wenye ghala kubwa za jibini la Parmigiano. Jibini hilo hutengenezwa kwa umbo la gurudumu lenye takriban kilo 40, na magurudumu hayo hupangwa kwenye rafu ndefu zinazokaribia dari. Rafu hizo zililaliana, na magurudumu kwa maelfu yakaporomoka katika dakika moja. Wenye ghala hizo ni watu wa kazi, wala hawakuwa wazembe. Hizo rafu zilikuwa zimesimama miaka mingi bila kuanguka. California nako, tarehe 24 Agosti 2014, mapipa ya mvinyo yaliyopandishwa moja juu ya jingine katika ghala za Napa yaliporomoka usiku wa manane, na sababu moja iliyowaokoa wafanyakazi ni kwamba saa hiyo hawakuwamo.

Nikija kwenye lile la ujia, hapo dada umeona jambo ambalo mimi naliweka mbele ya mengine yote. Hata chupa zikifungwa vizuri namna gani, zisikae kando ya njia ya kutokea. Kama ghala haliwezi kuhamishwa, basi chupa zihamie chumba kingine, au angalau ziwekwe upande wa ghala ulio mbali na mlango, na mlango wenyewe ufungwe kwa komeo kila usiku ili kioo kikimwagika kibaki humo. Kisha, wewe, mumeo na mtoto, kila mmoja awe na viatu vya soli nene na tochi ndani ya mfuko uliofungwa kwenye mguu wa kitanda. Nasema uliofungwa, kwa sababu viatu vilivyoachwa sakafuni husogea gizani, au hujaa vioo.

Na tetemeko likianza, asiwepo wa kukimbilia rafu kuishikilia. Najua mtu aliyeitunza bia yake kwa miezi miwili atavutwa kufanya hivyo. Inama, jifunike chini ya meza imara, shikilia mguu wa meza mpaka kutulie. Wala msiingie ghalani kusafisha mara tu kunapotulia, kwa sababu matetemeko yanayofuatia huja baada ya dakika chache au baada ya siku kadhaa, na rafu iliyolegezwa na la kwanza huangushwa na la pili.

Mpishi wa Casuarina, Malindi

Nawashukuru sana, na kwako mzee wangu wa Lamu ahsante kwa dua. Nimemsomea mume wangu majibu haya kwa simu, nikimtafsiria polepole. Lile la jibini la Emilia lilimnyamazisha kwa muda, kisha akasema analikumbuka, na kwamba hakuwahi kulifikiria pamoja na rafu yake. Ameshashusha chupa zote chini siku hiyohiyo.

Mawili yamebaki. Anasema chupa zisilazwe, ila hakunieleza vizuri kwa nini. Na ule mtungi wa kioo hataki kuuacha, kwa sababu ulikuwa wa babu yake.

Msimamizi wa stoo ya vinywaji, Watamu

Mzee nahodha anisamehe kwa kutofautiana naye, na natofautiana naye kwa heshima: bia ya nyumbani isimamishwe. Chupani mna hamira iliyobaki, nayo hushuka na kuwa mashapo chini ya kitako. Ikisimama, mashapo hukaa pale na mtu humimina bia safi juu yake. Ikilazwa, mashapo hutanda ubavuni na kila ukiinua chupa yanachafuka. Tena chupa iliyolala isipobanwa sawasawa ni gurudumu. Katika ngama yenye majamvi ulikuwa na kila sababu ya kuzilaza, lakini katika kreti yenye vyumba kusimama ndiko salama.

Sasa nijibu swali la mwanzo la dada, kama bia yenyewe ina hatari. Inayo, na wewe mtu wa Malindi utaielewa upesi kuliko wengi. Umeona mnazi, ile pombe yetu, uliofungiwa katika dumu na kifuniko kikakazwa: dumu huvimba kama mpira, kwa sababu mnazi unaendelea kuchachuka ndani yake. Dumu huvimba kwa kuwa ni plastiki. Kioo hakivimbi, hupasuka. Bia ya nyumbani hutiwa sukari kidogo wakati wa kufungwa ili ipate povu, na kiasi cha kawaida ni kama gramu 6 au 7 kwa lita, yaani takriban gramu 3 kwa chupa ya nusu lita. Mtu akitia zaidi, au akiifunga kabla haijamaliza kuchachuka mtungini, shinikizo hupanda siku baada ya siku, na chupa hiyo hungojea sababu ndogo tu ya kulipuka.

Watu hudhani tetemeko huifanya bia ilipuke kwa kuitikisa. Mtikisiko peke yake hauongezi shinikizo ndani ya chupa iliyozibwa. Unachofanya ni kuifanya itoke povu kwa fujo ikifunguliwa mapema, na kwa hiyo iachwe itulie siku nzima. Hatari iko pale chupa yenye shinikizo kubwa, au yenye mkwaruzo wa zamani, inapogongwa. Chupa zinazotumiwa tena na tena huwa na pete nyeupe ya mikwaruzo mabegani na kwenye kitako, mahali zinapogusana. Mumeo azipitishe zote mbele ya taa, na yenye mkwaruzo unaoshikwa na ukucha aitupe. Vilevile asitumie chupa nyembamba za juisi, kwa sababu hizo hazikutengenezwa kubeba shinikizo.

Joto nalo huongeza shinikizo, lakini milimani kwenu tatizo litakuwa baridi. Bia ya nguvu ya kawaida huganda ikifika nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na ikiganda hutanuka na kuipasua chupa. Kwa hiyo zikihamishwa kutoka ghalani zisipelekwe kwenye kibanda cha nje ambacho majira ya baridi hakina moto. Mahali pa nyuzi 10 hadi 13, pakavu, pasipo jua, ndipo panapofaa. Jua nalitaja kwa sababu miale yake huharibu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuipa bia harufu mbaya. Chupa ya kahawia huizuia vizuri, ya kijani huizuia kidogo, na isiyo na rangi haizuii chochote. Kabati lenye mlango linawapa giza na kinga kwa pamoja.

Kuhusu mtungi wa babu, naelewa thamani yake, ila ukijaa unapita kilo 25 za kioo na maji, juu ya stuli ya miguu mitatu au minne. Ukianguka haukuachii vipande vya kufagia tu, unakuachia majembe. Bia ichachukie katika ndoo ya plastiki ya vyakula au chombo cha chuma kisichoshika kutu, kikae sakafuni. Mtungi usafishwe, ukaushwe, uwekwe mtupu mahali pa chini ambapo hauwezi kubingirika. Atakuwa amemhifadhi babu yake vizuri zaidi hivyo.

Na endapo chupa zitavunjika, zimeni umeme wa chumba hicho kabla ya kukanyaga majimaji, vaeni glavu nene na miwani, na chupa zilizosalimika msiziguse kwa mkono mtupu. Ziwekwe kwanza ndani ya ndoo yenye taulo, maana ufa mwembamba hauonekani.

Nahodha mstaafu, Lamu

Nimekubali, kijana wangu wa Watamu. Mashapo sikuyajua. Zisimamishwe.

Seremala wa Maweni

Kuhusu mlango wa kabati, nami naunga mkono kwamba sumaku haifai. Kulabu na pete yake ni kinga ya bei ndogo kuliko zote, mradi kulabu iingie peteni kutoka juu kwenda chini na iwe na kibanio, maana bila hicho kipigo cha kutoka chini alichokieleza ndugu yetu wa Osaka kitairusha itoke. Komeo la kusukuma kwa ubavu ni bora zaidi, kwa sababu halina njia ya kupanda. Liwekwe juu, mtoto asilifikie.

Mpishi wa Casuarina, Malindi

Ndugu zangu, narudi kuwapa habari. Ameweka komeo la ubavu. Kabati ni la zamani, la mbao nzito, alilitoa sebuleni, na sasa limefungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, upande usio na njia. Mtungi umekaushwa na kuwekwa chini ya ngazi, ndani ya kikapu chenye blanketi. Chupa 14 alizitupa baada ya kuzipima kwa ukucha.

Jana usiku alinipigia simu ya video, akaweka simu sakafuni, akashika kreti ya kwanza kwa mikono miwili na kuitikisa kama mzee alivyofundisha. Sikusikia kitu. Kreti ya pili ililia. Akaitoa chupa moja moja, akakunja vipande vya boksi katikati yake, akaitikisa tena, nami huku Malindi nikabana simu sikioni mpaka ikanyamaza.